Namba ya 99.9 Mtelemkoni

Dereva wa Toyota Prius anayetoka Iringa kuelekea Morogoro akianza kushuka Kitonga huachia mafuta, na papo hapo kipimo cha matumizi hupanda hadi mwisho. Prius za kizazi cha pili zilizouzwa Marekani huandika 99.9, yaani maili kwa galoni, sawa na kilomita 42 hivi kwa lita. Zinazohesabu lita kwa kilomita 100 huandika 0.0. Wengi huisimulia ile 99.9 kana kwamba ndiyo uwezo wa gari.

Sivyo. Kompyuta hugawa umbali kwa mafuta yaliyoingia kwenye injini katika muda huo mfupi. Mafuta yakiwa sifuri hesabu hiyo haina jibu, basi skrini hukomea kwenye namba kubwa kuliko zote iliyopangiwa. Ndiyo maana lita kwa kilomita 100 ni kipimo bora hapa: sifuri inabaki sifuri.

Jambo linalowatia madereva hofu huja katikati ya mtelemko. Gari likishuka, mota hugeuka jenereta na kuchaji betri, lakini betri ya Prius hiyo ina takriban kilowati-saa 1.3 tu, na mfumo hauiruhusu kujaa kabisa. Gari la kilo 1,300 likishuka mita 500 za kimo huachia karibu kilowati-saa 1.8, kabla ya kutoa kinachopotelea kwenye upepo na matairi. Betri ikishiba, umeme wa ziada hutumika kuzungusha injini bila tone la petroli, ili isaidie breki. Injini inanguruma na skrini bado inaonyesha 99.9, hakuna kilichoharibika. Kuweka N ili gari "liteleze vizuri" ni kosa kubwa, kwani betri haichajiwi na mzigo wote unabaki kwa breki. Penye mtelemko mkali, gia ni B.

Sasa wastani. Tuchukue gari lililopanda kilomita 10 kwa lita moja, kisha likarudi kilomita 10 zilezile bila kutumia mafuta. Wastani wake ni kilomita 20 kwa lita, kwa sababu kinachogawanywa ni umbali wote kwa mafuta yote. Anayejumlisha namba mbili za skrini na kuzigawa kwa mbili anajidanganya.

Betri nayo huchanganya hesabu. Umeme wake ulitokana na petroli iliyochomwa awali, kwa hiyo safari fupi ya sokoni kwa umeme mtupu huonekana ya bure ilhali deni litalipwa kesho. Lakini lita moja ya petroli ina karibu kilowati-saa 9. Betri nzima ni sawa na sehemu moja ya saba ya lita. Kwa tenki zima tofauti hiyo haionekani.

Anayetaka kujua gari lake linakula kiasi gani ajaze tenki, arudishe kihesabu safari kwenye sifuri, na akijaza tena agawe kilomita kwa lita alizolipia.