Injini Iliyoshika Isiuzwe Haraka

Tumekuta trekta ndogo za petroli zikiuzwa kama vyuma chakavu eti injini imeshika. Ngojeni kwanza. Fungueni plagi, mmimine vijiko vitatu vya dizeli iliyochanganywa na oili, ikae siku tatu. Kisha zungusheni flaiwili kwa mkono, mbele na nyuma, polepole. Msigonge pistoni kwa nyundo! Sisi tuliwahi kufungua hedi tukagonga, ikapasuka, na pesa za kikundi zikaenda hivyo.

Ikilegea, msiwashe bado. Izungusheni plagi ikiwa nje ili dizeli itoke, halafu mbadilishe oili yote ya injini, kwa maana dizeli huteremka chini na kuilainisha mno. Bushi za ekseli zilizolika huchongwa upya na fundi wa jua kali mwenye mashine ya kukereza. Mpelekeeni na ekseli yenyewe aipime.