Kabla Mtoto Hajaiacha Kemia

Juzi baada ya magharibi mpwa wangu, aliye Gredi ya 9, alikuja kuketi nami barazani, karatasi mkononi. "Mjomba, nataka kuwa mfamasia. Lakini kemia nitaiacha, wakubwa wanasema ni ngumu."

Nilicheka, kisha nikanyamaza. Maneno hayo mawili hayakai pamoja.

Sisi wa 8-4-4, katika shule nyingi kemia ilikuwa lazima, uipende usiipende. Sasa mtoto akienda Gredi ya 10 hufuata mkondo mmoja kati ya mitatu: sayansi, teknolojia na hisabati, sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Mbali na masomo ya lazima, huchagua mengine matatu. Kwa hivyo kemia yaweza kuachwa kwa kalamu moja mtoto akiwa na miaka 14 au 15, na ndoto ya ufamasia ikaenda nayo.

Nilimwambia ukweli: hata mimi ilinishinda. Nilikwama kidato cha tatu, kwenye kitu kiitwacho moli. Nilikariri kanuni bila kufahamu, na mtihani wa majaribio ukanipa D.

Nikamuuliza, "Korija ya boriti ni ngapi?"

"Ishirini."

"Na korija ya fito?"

"Ishirini pia."

"Zina uzani mmoja?"

"La, boriti ni nzito."

"Basi moli umeshaifahamu."

Korija ni jina la idadi, na moli ni vivyo hivyo. Ila atomi ni ndogo mno, kwa hivyo idadi yake ni kubwa mno: kwa kukadiria, 6 ikifuatwa na sufuri 23. Moli moja ya atomi za kaboni ina gramu 12, ya oksijeni gramu 16, ya kalsiamu gramu 40. Idadi ni ile ile, uzani ndio tofauti, kama boriti na fito.

Tukachukua mfano wa chokaa. Mawe ya matumbawe kwa sehemu kubwa ni kalsiamu kaboneti: kalsiamu moja, kaboni moja, oksijeni tatu. Jumlisha 40, 12 na 48, utapata 100. Yakichomwa tanurini hutoa gesi ya kaboni dayoksaidi, gramu 44, na kinachobaki ni chokaa, gramu 56. Kwa hivyo kilo 100 za mawe safi hazitoi zaidi ya kilo 56 za chokaa. Mchoma chokaa ajua kwa mkono kuwa jiwe hutoka tanurini likiwa jepesi. Moli humwambia ni jepesi kwa kiasi gani.

Jambo la pili ni maabara. Katika KCSE, karatasi ya tatu ya kemia, ambayo ni ya vitendo, ina alama 40 kati ya 200. Mimi nilishika bureti mara ya kwanza mtihani ukiwa umekaribia. Nilifungua koki kwa pupa, rangi ikageuka ghafla, nisijue asidi ilipaswa kukomea wapi. Asidi ile hutiwa tone kwa tone huku ukitikisa chupa, na tone moja tu ndilo hugeuza rangi. Kitabu hakiwezi kukufunza hilo. Mkono hujifunza kwa kurudia.

Kwa hivyo mzazi mwenzangu, kabla ya kuchagua shule, uliza maswali matatu. Je, mwalimu wa kemia yupo? Je, maabara ina dawa na vifaa? Je, wanafunzi hushika vifaa wenyewe, au husimama tu kumtazama mwalimu?

Sisemi kila mtoto asome kemia. Anayependa sheria au uchoraji na aende kwa amani. Lakini asiiache kwa hofu ya kuazima, kwa sababu tu mwengine alisema ni ngumu, ilhali kazi anayoitaka hupitia hapo hapo.

Mpwa wangu hajaamua bado. Ila kabla ya kuondoka nilimpa kilo 250 za mawe safi akokotoe chokaa yake. Alizidisha, akagawanya, akaniangalia.

"Mjomba, 140?"

Ni 140.