Maji Yatiririkayo Juu ya Ardhi: Tazama Makina

Ndugu mkulima, mvua ikinyesha shambani kwako maji mengine huzama ardhini, na mengine hutiririka juu. Hayo yatiririkayo ndiyo habari yetu mwezi huu. Tufuatane kwanza mpaka Makina, katika Kibera, Nairobi.

Kibra, kwa lugha ya Wanubi, maana yake ni msitu. Askari wa Kinubi wa King's African Rifles walikaa huko, na mwaka 1918 Serikali ilitenga eka 4,197. Walilima na kufuga kama wewe. Penye miti na majani, matone ya mvua huvunjwa nguvu, mizizi huufungua udongo mwekundu, na maji huzama polepole. Mto ulio bondeni hupata maji yake hata wakati wa kiangazi.

Leo Makina ni mabati na njia zilizokanyagwa zikawa ngumu. Pima mwenyewe. Paa la chumba cha futi 12 kwa futi 12, ikinyesha mvua ya milimita 20, humwaga madebe 13 ya maji. Hesabu mapaa ya mteremko mzima! Maji hayo hayana pa kuzama, basi hushuka mbio kwenda mto Motoine, yamebeba udongo na takataka.

Chini yake lipo Bwawa la Nairobi, lililojengwa mwaka 1953 liwe akiba ya maji ya mji. Maji yaendayo kasi hubeba udongo, yakisimama huuacha. Ndivyo bwawa lilivyojaa tope, na magugu maji yakalifunika. Hapo zamani watu waliendesha mashua za tanga.

Mto utokapo bwawani huitwa Ngong, nao waelekea mashariki, kwenye tambarare ya udongo mweusi. Udongo huu ukilowa huvimba, nyufa zake huziba, na maji husimama juu. Kwa hiyo maji ya mlimani huwa gharika ya watu wa chini, kama ilivyoonekana Nairobi mwezi wa Aprili na Mei, mwaka 2024.

Sasa tazama shamba lako. Ikiwa ni tambarare nyeusi, usizuie maji. Panda juu ya matuta, na mifereji iyatoe taratibu. Ikiwa ni mteremko wa udongo mwekundu, yazuie. Chimba mitaro ya fanya juu ikingamayo mteremko, udongo uutupe upande wa juu, kisha panda majani ya ng'ombe juu ya tuta. Wakulima wa Kinangop wasidhani jambo hili ni la wengine, maana bwawa la Sasumua, linaloupatia mji wa Nairobi maji tangu mwaka 1956, liko huko kwao.

Fanya kazi hiyo kabla ya mvua za Machi, nawe uanzie mtaro wa juu kabisa. Wengi huanzia chini, karibu na mto, na mvua ya kwanza huyabomoa matuta yao yote.