Elimu ya Jamii katika Chuo Kikuu: Kijana Husoma Nini, na Ina Faida Gani?

Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yanapotangazwa, na vijana waliopata alama za kutosha wanapochagua masomo ya chuo kikuu, huwa na mashauri marefu katika nyumba nyingi za Kenya. Kijana akisema ataka kusomea udaktari, wazee hufurahi. Akitaja uhandisi, ualimu au sheria, hakuna amwulizaye maana yake, kwa kuwa kazi hizo zajulikana na kila mtu. Lakini akisema kwamba ataka kusoma elimu ya jamii, ambayo wataalamu huiita sosholojia, baba hunyamaza kidogo, kisha huuliza: "Na ukimaliza, utaitwa nani?"

Swali hilo ni la haki. Mzazi auzaye ng'ombe, au akopaye fedha katika chama cha ushirika ili alipe karo, yampasa ajue anunuacho. Na kijana atakayetumia miaka minne ya ujana wake katika masomo hayo yampasa ajue zaidi. Kwa hiyo yafaa tuyaeleze mambo haya waziwazi, pamoja na faida zake na shida zake.

ELIMU HII NI NINI?

Elimu ya jamii ni elimu ya kuchunguza jinsi watu waishivyo pamoja: ndoa na jamaa, kijiji na mji, dini, kazi, utajiri na umaskini, utawala na uhalifu, na jinsi mambo hayo yote yabadilikavyo. Wazee wetu husema kwamba mtu ni watu. Elimu hii huanza hapo hapo. Haiulizi kwa nini fulani bin fulani ameiacha shule. Huuliza kwa nini watoto wa mahali hapa huacha shule kuliko watoto wa mahali pale.

Wengi hudhani kwamba jambo hili lilianzia Ulaya. Lakini Ibn Khaldun, mwanachuoni Mwislamu aliyezaliwa Tunis mwaka wa 1332, aliandika katika mwaka wa 1377 kitabu kiitwacho Muqaddimah. Humo alieleza jinsi umoja wa watu wa jangwani uwapavyo nguvu ya kutwaa dola, na jinsi umoja huo ulegeavyo wakiisha kuzoea raha za mjini. Jina la sosholojia lenyewe lilitolewa na Mfaransa Auguste Comte katika karne ya 19. Mfaransa mwingine, Émile Durkheim, alitoa mwaka 1897 kitabu juu ya watu wanaojiua. Alitazama hesabu zilizowekwa na serikali za Ulaya, akaona kwamba idadi ya wanaojiua katika nchi moja haibadiliki sana mwaka hata mwaka, na kwamba wasio na mume wala mke hujiua zaidi kuliko walio na ndoa na watoto. Basi hata jambo lionekanalo kuwa siri ya moyo wa mtu mmoja lina sababu zake katika hali ya watu anaoishi nao.

Watu weusi nao walishika kazi hii mapema. W. E. B. Du Bois, Mmarekani mweusi, alipita nyumba kwa nyumba katika mtaa mmoja wa Philadelphia akiwauliza watu wake habari za kazi, kodi na elimu, akatoa kitabu chake mwaka 1899. Mzee Jomo Kenyatta alisoma London kwa Profesa Malinowski elimu ya mila na desturi, iliyo ndugu wa elimu ya jamii, na kitabu chake juu ya Wagikuyu kilitoka mwaka 1938. Kofi Busia wa Ghana alikuwa profesa wa elimu ya jamii kabla ya kuwa Waziri Mkuu wa nchi yake, tangu 1969 hata 1972.

MIAKA MINNE YA MASOMO

Katika Kenya shahada hii huchukua miaka minne. Mpango wa masomo hutofautiana baina ya chuo na chuo, lakini njia yenyewe haipishani sana. Mwaka wa kwanza kijana hufundishwa maneno na misingi: jamaa ni nini, tabaka ni nini, desturi hutoka wapi. Mwaka wa pili huwakuta mabingwa wa zamani, Karl Marx, Max Weber na huyo Durkheim. Watatu hao hawapatani. Marx huona kwamba mzizi wa mambo ni mali na mwenye kuimiliki. Weber hujibu kwamba imani na fikira za watu nazo huweza kuugeuza uchumi. Mwanafunzi hatakiwi kumchagua mmoja amfuate kama mfuasi wa dini. Hutakiwa kujua kila mmoja asema nini, na ushahidi wake ni upi.

Hapo ndipo vijana wengi huanza kuchoka, maana walikuja wakidhani kwamba ni masomo ya kuzungumza tu. Tena huja takwimu. Kijana aliyekimbia hesabu akadhani amezikwepa huzikuta zikimngoja mlangoni. Hapana budi ajifunze kuchagua watu wachache wa kuulizwa badala ya watu wote, kutunga maswali yasiyompotosha mwenye kujibu, na kupima kama tofauti aionayo ni ya kweli au ni ya bahati tu.

Tuchukue mfano mdogo. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019 Kenya ilionekana kuwa na watu zaidi ya milioni 47. Lakini kabla ya kuhesabu nyumba na watu wake ni lazima kupatana nyumba ni nini. Je, ni wale walalao chini ya paa moja, au wale walao chungu kimoja? Mume mwenye wake wawili, kila mmoja na jiko lake, ana nyumba moja au mbili? Mwana afanyaye kazi Mombasa na kuwaletea wazazi fedha kila mwezi ahesabiwe wapi? Sisi makarani tunaojaza fomu twajua kwamba jibu la swali kama hilo laweza kuongeza msaada wa mahali au kuupunguza. Mwanafunzi wa elimu ya jamii hufundishwa kuliona swali kabla ya kulijaza jibu.

Mwaka wa tatu kijana huchagua matawi, kama vile mambo ya mashamba na vijiji, miji, uhalifu, afya au jamaa. Mwaka wa nne, katika vyuo vingi, hufanya uchunguzi wake mwenyewe na kuuandika.

MFANO WA MACHAKOS

Mkulima ataka kuona faida kwa macho. Basi na atazame Machakos. Katika miaka ya 1930 wakuu wa serikali ya kikoloni waliona udongo wa Ukambani ukichukuliwa na mvua, wakakata shauri kwamba watu na mifugo wamezidi. Mwaka 1938 wakaanza kuwanyang'anya Wakamba ng'ombe wao. Maelfu wakaenda Nairobi kulalamika, wakiongozwa na Muindi Mbingu, na mwaka huo huo serikali ikaacha kuwalazimisha.

Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walitoa kitabu juu ya nchi hiyo hiyo. Walikuta kwamba tangu miaka ya 1930 hata 1990 watu walikuwa wameongezeka zaidi ya mara 5, lakini udongo ulihifadhiwa vizuri kuliko zamani. Makingamaji yalikuwa yamechimbwa milimani, na miti ilikuwa imepandwa. Sababu zake? Soko la Nairobi lilikuwa karibu. Fedha za mishahara zilirudi mashambani. Na watu walifanya kazi pamoja katika vikundi vya mwethya, wengi wao wakiwa wanawake. Waandishi hao hawakuwa wote wataalamu wa sosholojia, lakini swali lao ni swali la elimu ya jamii. Wakuu wa kwanza walihesabu ng'ombe na ekari, hawakuhesabu mwethya. Kwa kosa hilo, watu walinyang'anywa mali yao.

KAZI BAADAYE

Sasa turudi kwenye mfuko wa baba. Lazima tuseme kweli: shahada hii haina kazi moja iliyoandikwa jina lake, kama udaktari ulivyo. Walioisoma huajiriwa kuwa maofisa wa maendeleo ya jamii, maofisa wa watoto, na maofisa wanaowaangalia wahalifu waliohukumiwa kutumikia kifungo cha nje. Wengine huingia katika serikali za kaunti, katika mashirika ya misaada, au katika kazi ya uchunguzi. Lakini wanaozitafuta kazi hizo ni wengi, na nafasi ni chache. Yule aliyepita kwa kukariri maneno ya Marx tu atangoja sana. Tena asidhani kwamba elimu ya jamii na kazi ya ustawi wa jamii ni kitu kimoja. Ya kwanza hufundisha kuchunguza, ya pili hufundisha kumsaidia mwenye shida, na anayependa hiyo ya pili afadhali aisomee hasa.

Kwa hiyo shauri letu kwa kijana ni hili. Kwanza, asiogope takwimu, bali azishike, na ajifunze kuzifanya kwa kompyuta, maana ndizo zitakazomtofautisha na wenzake. Pili, ajizoeze kuandika taarifa fupi iliyo wazi, ambayo hata chifu mwenye kazi nyingi ataisoma hadi mwisho. Tatu, wakati wa likizo asikae bure mjini. Aende akafanye kazi, hata ya ujira mdogo, pamoja na wale wanaouliza watu maswali vijijini. Nne, azijue vema lugha za watu wake, kwa kuwa mama mzee hatamfungulia moyo mtu asemaye Kiingereza cha kitabuni.

Na shauri letu kwa mzazi ni moja tu. Kabla ya kulipa, mwulize mwanao ni jambo gani la watu linalomsumbua hata atake kulijua asili yake. Akiwa na jibu, mpeleke. Akisema kwamba amechagua masomo haya kwa kuwa aliyakosa mengine, mwambie afikiri tena, maana miaka minne ni mingi, na ng'ombe akiisha kuuzwa harudi zizini.