Laptopu ya Kutenganisha: Ni Mashine Moja au Mbili?

Mwezi huu ukurasa wetu wa familia hauna habari ya mapishi wala ya chanjo. Tunaongea habari ya pesa, kwa sababu mama mmoja jirani yangu hapa Kakuma alikaribia kutuma pesa yake yote kwa kitu ambacho hakukielewa vizuri, na najua si yeye peke yake.

Alikuja jioni, mimi niko nje napuliza moto. Ameshika simu. Akanionyesha picha ya laptopu ndogo nyeusi, halafu picha ya pili, ni ile ile, lakini imekatwa: kioo huku, sehemu ya kuandikia kule.

“Mwalimu, angalia hii. Inatoka vipande viwili. Nimefikiri hivi: kimoja cha dada, kimoja cha mdogo wake. Bei ni ya moja, watoto ni wawili.”

Mama huyu anauza mandazi. Zamu yake ya chama ilikuwa imefika, na shemeji yake aliyehamia Marekani akamuongezea kidogo, ikafika shilingi 25,000. Binti wake mkubwa amepata nafasi ya kusoma kozi kwa njia ya intaneti, na kila wiki anatakiwa kuandika insha na kuituma. Mpaka leo anaandika kwa simu, kwa kidole gumba. Mdogo wake yuko gredi ya nane na anataka kuangalia masomo ya hesabu ya video. Muuzaji alikuwa Nairobi. Alisema, tuma pesa kwa simu, mzigo utapanda basi.

Nilimwomba akae kwanza.

Tuelewane hapa, maana ndipo wengi wanakosea. Kwenye laptopu ya kawaida, ubongo wa mashine uko chini, chini ya herufi unazobonyeza. Kioo cha juu ni cha kuonyesha tu. Lakini hii ya kutenganisha imegeuzwa: ubongo, hifadhi na betri kubwa vyote viko nyuma ya kioo. Kioo chenyewe ndiyo kompyuta. Ni tableti, kama simu kubwa. Kipande cha chini, yaani kibodi, ni cha kuandikia tu. Kuna aina chache zilizowekewa betri ya pili au diski upande wa kibodi, lakini hata hizo, ukichukua kibodi peke yake haiwaki. Ni mpini bila jembe.

“Kwa hiyo mmoja wa watoto atabeba mpini,” mama akasema. Alinyamaza kidogo. “Na yule muuzaji hakuniambia.”

Kusema kweli muuzaji hakudanganya. Alisema inatoka vipande viwili, na ni kweli inatoka. Sisi ndio tunaojaza mengine kichwani.

Sasa msifikiri nazitukana hizi mashine. Zina faida yake, na nitaisema. Lakini tuanze na zile zinazozunguka sokoni, kwa sababu nyingi zinazotufikia sisi ni za mtumba, zimetumika miaka mingi mahali pengine.

Mwaka 2012, mwezi wa kumi, kampuni ya Microsoft ilitoa tableti yake inayoitwa Surface. Ya kwanza ilikuwa Surface RT. Ukiiangalia ni Windows kabisa, na Word iko ndani. Lakini programu za kawaida za Windows hazikubali kuingia, kwa sababu ubongo wake ni wa aina ya simu. Ilikuwa inapokea tu zile za duka la Microsoft lenyewe. Watu hawakuinunua, mwaka uliofuata kampuni ikaandika hasara ya dola milioni 900 kwa ajili yake. Mwezi wa kwanza 2023 ikaacha kabisa kuitunza. Ukiuziwa hiyo leo, hata kwa bei ya chini sana, umenunua kioo kizuri cha kutazama picha. Basi ukiona herufi RT, rudisha pesa mfukoni.

Mwaka 2013 ikaja Asus Transformer Book T100. Hii ndiyo ilikuwa kwenye picha ya mama. Kioo chake ni cha inchi 10.1, na hii inapokea programu za kawaida. Shida iko kwenye tumbo: RAM ni GB 2, na nyingi zina hifadhi ya GB 32, ambayo Windows peke yake inajaza sehemu kubwa. Masasisho yanakosa mahali pa kukaa. Ukifungua kurasa nne za intaneti pamoja na insha, inaanza kuvuta miguu. Na jambo lingine ambalo halionekani kwenye picha: tundu kubwa la USB, la kuchomeka flashi, liko upande wa kibodi. Kibodi ikiharibika, flashi yako haina mlango mpaka utafute waya mwingine.

Halafu kuna hili la Windows 10. Masasisho yake ya kawaida ya bure yaliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inataka angalau RAM ya GB 4, hifadhi ya GB 64 na kifaa cha usalama kinachoitwa TPM 2.0. T100 haifiki hapo. Haitazimika siku moja kama taa, lakini inabaki nyumba isiyo na kufuli, na mtoto anaingia humo na namba zake za siri za chuo.

Za karibuni zaidi ni afadhali. Surface Go ya 2018 ni ndogo, inchi 10, na ya chini kabisa ina RAM ya GB 4. Ilitoka kwa dola 399, lakini bei hiyo ilikuwa ya kioo tu! Kibodi inauzwa peke yake. Ndiyo maana mtumba wake unakutana nao mara nyingi hauna kibodi, na muuzaji anakwambia “utapata yoyote”. Si yoyote. Kibodi ya kushikana na mashine hii ni ya mashine hii. Lenovo ilitoa Chromebook Duet mwaka 2020, hiyo ilikuja na kibodi yake ndani ya boksi. Ni nzuri kwa masomo ya intaneti, ila ina tundu moja tu la USB-C: ukichaji huwezi kuchomeka flashi, ukichomeka flashi huwezi kuchaji. Tena kila Chromebook ina tarehe ambayo masasisho yake yanakoma, unaweza kuiona ndani ya mipangilio yake. Na chungeni zile zilizotoka kwenye shule za Ulaya na Marekani. Kama shule haikuiondoa kwenye orodha yake, hata ukifuta kila kitu inarudi kuomba jina la shule. Hakuna fundi wa sokoni atakayekufungulia hiyo.

Sasa faida. Ni stima, ndugu zangu. Chaja ya laptopu ya kawaida ni wati 45 mpaka 65, na kwa sola ya nyumbani mara nyingi unahitaji inveta, ambayo nayo inakula yake. T100 inachaji kwa waya ule ule wa simu za zamani, wati 10 tu. Surface Go ilikuja na chaja ya wati 24 na inapokea pia USB-C. Mtu mwenye paneli ndogo juu ya bati, asiyeunganishwa na jenereta ya mfanyabiashara, anaweza kuiweka nyumbani bila kuipeleka kwenye kibanda cha kuchajisha na kukaa roho juu mpaka jioni. Nilimweleza mama hilo kwa uaminifu, kwa sababu yeye hana waya wa jenereta. Ni jambo kubwa.

Faida ya pili ni ya kusoma. Mtu anayesoma vitabu zaidi ya kuandika, au anayezunguka na fomu akiwahoji watu, atafurahia kioo kinachotoka. Mhamasishaji wa afya anayepita nyumba kwa nyumba, kwa mfano. Lakini binti wa mama anaandika. Anakaa kwenye godoro, hana meza. Hapa ndipo nikamwambia afanye mazoezi: achukue kitabu kikubwa, akisimamishe mapajani kwa kijiti nyuma yake, aandike. Kilianguka mara tatu. Hizi mashine kichwa ni kizito kuliko miguu, na zile zenye mguu wa nyuma wa kusimamia zinataka mahali pagumu na tambarare. Godoro si mahali pagumu.

Na vumbi letu mnalijua. Pale kioo kinaposhikana na kibodi kuna vipini vidogo vya shaba. Vumbi likikaa hapo, herufi zinakatika katikati ya sentensi, unatoa, unafuta, unarudisha. Betri nayo imegundishwa ndani kwa gundi. Wale wa iFixit, kazi yao ni kufungua mashine na kuzipa alama za jinsi zinavyotengenezeka, waliipa Surface Pro ya 2017 alama 1 kati ya 10. Fundi wetu wa pale soko la Wahabeshi nilimuuliza kama anafungua hizi. Akacheka. Akasema kioo kinapasuka kabla hajaifikia betri.

Basi tukamwandikia muuzaji kwa upole. Tulimwomba picha nne: ukurasa wa mipangilio unaoonyesha RAM na hifadhi, mashine ikiwa inawaka huku imetenganishwa, kibodi ikiwa imeshikana na maneno yameandikwa juu ya kioo, tukampa na maneno ya kuandika, na namba ya mashine, ile iliyobandikwa au kuchorwa nyuma. Picha mbili zilikuja. RAM GB 2, hifadhi GB 32. Ile ya namba haikuja mpaka leo. Labda alikuwa na shughuli, sijui. Lakini mashine isiyo na namba inaweza kuwa ya mtu mwingine, na mkimbizi akikutwa na mali ya wizi, kujieleza kwake ni kurefu kuliko kwa mwenyeji.

Kuna mtu ataniuliza, kwa nini asiende mwenyewe Nairobi kuangalia? Mnajua jibu. Ruhusa ya kusafiri, nauli, na siku za njiani. Ndiyo sababu mbinu ya picha, na kama inawezekana, jamaa mnayemwamini aende dukani kwa niaba yenu. Mwambieni atoe kioo na kukirudisha mara kumi, abonyeze kila herufi, aguse pembe zote nne za kioo kwa kidole, aiache bila chaja kwa saa moja aone betri imeshuka kiasi gani. Na alipe akiwa ameishika mkononi.

Tulikaa na binti mwenyewe siku nyingine tukapiga hesabu. Tulifikiria hata kibodi ndogo ya Bluetooth ya kuunganisha na simu yake. Hiyo ni njia ya bei ndogo, na kwa mtu wa kuandika barua inatosha. Yeye alikataa, akasema chuo kinataka kazi ipangwe kwenye majedwali, na kioo cha simu kinamuumiza macho. Ni yeye anayesoma, tukamsikiliza.

Mwisho mama alinunua laptopu ya kawaida ya mtumba, Lenovo ThinkPad X230, mashine ya mwaka 2012. Ni ya zamani kuliko ile aliyoikataa, mtaona ajabu. Lakini betri yake unaitoa kwa mkono na kuweka nyingine, RAM inaongezwa na fundi wetu hapa hapa, na herufi zikiharibika kibodi inabadilishwa kwa bisibisi. Windows 11 haiitaki rasmi, kwa hiyo kijana mmoja wa kituo cha kompyuta aliiwekea Linux, ambayo ni ya bure na bado inapata masasisho. Insha zinaandikwa, zinatumwa. Chaji ndiyo tatizo: kila siku mbili inapelekwa kwenye kibanda, na binti anakaa nayo hapo hapo akisubiri, kwa sababu haiachi. Mama analipa hiyo kutoka kwenye mandazi. Pesa iliyobaki ya chama inangojea inveta.

Kijana wa gredi ya nane alikasirika. Alikuwa ameahidiwa kipande cha juu, tena alishawaambia wenzake. Siku mbili hakusema na mtu. Sasa kuna karatasi imebandikwa ukutani: jioni za kazi ni za dada, Jumamosi mchana na Jumapili ni za mdogo, na anayechelewa kuiachia anachota maji kesho yake.

Juzi nilipita hapo nikamkuta mama anaisoma ile karatasi. Akaniuliza jina lake liko wapi. Anataka kumwona dada yake aliye Uvira kwa video, si kumsikia tu. Binti akachukua kalamu akaongeza mstari: Jumapili usiku, mama.