Kwa nini risasi za kujazwa nyumbani hukwama kwenye bastola?

Nchini Marekani, wapiga shabaha wengi hawatupi maganda ya risasi. Wanayaokota, wanayasafisha na kuyajaza upya nyumbani: fataki mpya, baruti mpya, kichwa kipya. Huko ni halali, na wengi hufanya hivyo kubana matumizi.

Kasheshe huanza uwanjani. Ya kwanza inalia, ya pili inakwama nusu njia.

Usiisukume kwa nguvu. Kichwa kikididimia ndani ya ganda, nafasi ya baruti hupungua na presha hupanda sana ikilipuka. Bastola inaweza kupasuka mkononi.

Elekeza mtutu mahali salama, kidole mbali na kifyatulio. Toa magazini, kisha uondoe risasi iliyokwama.

Tafuta chanzo

Bastola ikiwa tupu kabisa, ifungue na utoe mtutu. Dondosha risasi kwenye chemba ya mtutu huo. Iliyo sawa huingia yenyewe na kulia "ta!", huzunguka bila kukwaruza, na ukigeuza mtutu inatoka yenyewe.

Haiingii? Ipake wino wa maka pembeni, ijaribu tena, halafu angalia wino umefutika wapi:

• Kwenye kichwa: huenda risasi ni ndefu mno. Kwa milimita 9 za Luger, urefu wa juu kabisa ni milimita 29.69, lakini chemba nyingine hutaka fupi zaidi, kutegemea umbo la kichwa.

• Mdomoni mwa ganda: mdomo hutanuliwa kidogo ili kichwa kiingie. Usiporudishwa vizuri, unagusa chemba.

• Karibu na kitako: ganda hutanuka likifyatuliwa. Hapo halikubanwa vya kutosha kurudi saizi yake.

Imepita, lakini bado inakwama?

Basi geukia kwingine. Risasi fupi mno inaweza kugonga njia ya kupandia badala ya kuteleza. Jaribu pia magazini nyingine. Springi iliyochoka hupandisha risasi kwa kuchelewa.

Sababu nyingine ni nguvu ndogo. Bastola ya nusu-otomatiki hutumia msukumo wa risasi kurudisha slaidi nyuma. Msukumo ukiwa hafifu, slaidi haifiki mwisho na risasi inayofuata haichukuliwi. Usiongeze baruti kwa kukisia. Rudi kwenye kitabu cha vipimo cha watengenezaji na upime upya.

Ukisikia mlio hafifu kuliko kawaida, acha hapo hapo. Kichwa kinaweza kuwa kimebaki ndani ya mtutu, na ukifyatua nyingine nyuma yake, mtutu unaweza kupasuka.

Na risasi moja ikifeli kipimo, usiiamini boksi zima. Pima zote ulizojaza siku hiyo, moja baada ya nyingine, kabla ya kurudi uwanjani.