PICHA INAPOTOWEKA ANGANI: Somo la Subira kwa Walinzi wa Mpaka

Mji wa Bwera umeketi chini ya milima ya Rwenzori, si mbali na mto Lhubiriha unaoitenga Uganda na Kongo penye forodha ya Mpondwe. Ni mahali pa biashara, na ni mahali pa hadhari pia. Usiku wa tarehe 16 Juni 2023, wauaji waliivamia shule ya sekondari ya Lhubiriha huko Mpondwe, wakaua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi. Tena mwezi wa Mei, mwaka 2013 na mwaka 2020, mto Nyamwamba ulifurika wilayani Kasese, ukabomoa nyumba na kuwaacha wananchi bila makao. Hapana askari anayelinda upande huu asiyejua thamani ya jicho linaloona mbali.

Jicho hilo siku hizi laweza kuruka. Mwezi wa Desemba 2013, Umoja wa Mataifa ulianza kutumia ndege zisizo na rubani kutoka Goma, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa vyombo hivyo kutumika katika kulinda amani chini ya bendera yake. Lakini leo hatukusudii kunena habari za mitambo mikubwa ya namna ile. Twazungumzia ndege ndogo, droni ya mchezo, ambayo kijana huiunganisha mezani kwa solda na bisibisi, na ambayo, kwa idhini ya wakubwa, yaweza kumtafuta mtu aliyezingirwa na maji. Ndege hiyo ikipoteza picha huwa kama mlinzi aliyefungwa kitambaa machoni. Kwa hiyo tumeonelea vyema kueleza jinsi hitilafu hiyo inavyotafutwa.

Askari hatapata taabu kulielewa jambo hili, kwa sababu picha husafiri kama taarifa ya doria. Kamera ndiyo inayoona. Huipeleka picha kwenye ubao wa uongozaji, nao huandika juu yake hesabu ya betri na urefu wa ndege. Ubao huikabidhi transmita, transmita huipa antena, na antena huitoa hewani. Chini, antena nyingine huipokea, kipokezi huifasiri, na kioo humwonyesha rubani. Taarifa isipofika makao makuu, mkuu mwenye busara hawaadhibu wote kwa pamoja. Huuliza kituo kimoja kimoja hadi apate mahali ilipokwama.

Natuchukue mfano. Sajini na konstebo wamesimama ukingoni mwa Lhubiriha baada ya mvua kubwa, wakitafuta mtu aliyeonekana mara ya mwisho ng'ambo ya mashamba. Ndege inaruka vizuri na picha ni safi. Inapofika mita 200 hivi, kioo kinajaa chenga.

"Afande, picha imepotea! Tuongeze nguvu ya transmita?"

"Ngoja kwanza, kijana. Ipandishe juu, uirudishe nyumbani."

Jibu hilo lina hekima mbili. Kwanza, kupotea kwa picha si kupotea kwa ndege. Mara nyingi amri za rubani husafiri kwa masafa ya gigahezi 2.4, na picha kwa gigahezi 5.8, jicho laweza kupofuka huku sikio likisikia bado. Pili, mawimbi ya picha hutaka njia iliyo wazi. Hayapenyi kilima, na majani yaliyolowa maji huyanyonya. Katika nchi ya miinuko kama Bwera, ndege iliyojificha nyuma ya kigongo hupata picha tena mara tu inapopanda juu.

Ndege imetua. Kabla ya kugusa waya wowote, sajini anaamuru panga zote zing'olewe, maana mota ikizunguka ghafla hukata vidole. Kisha wanasoma dalili. Katika mitambo ya zamani isiyo ya kidijitali, kioo chenyewe husema. Kikiwa cheusi lakini maandishi ya betri yaonekana, transmita ni nzima. Mgonjwa ni kamera au waya wake. Kikiwa cheusi, kimetulia, pasipo maandishi wala chenga, huenda wimbi linafika lakini halikubeba picha. Kikijaa chenga tupu, hakuna wimbi linalofika: hapo huulizwa umeme wa transmita, antena na mkondo. Mistari ikitambaa kiooni kila mota zinapoongeza kasi, umeme umechafuka, na dawa yake ya kawaida ni kapasita kwenye nyaya za betri. Mitambo ya kidijitali haina chenga. Picha yake hukwama au kukatika vipande vipande.

Konstebo anachukua mita na kupima umeme unaoingia kwenye transmita; ni sawasawa. Anaitazama antena: haikulegea wala kukatika. Hapa hatuna budi kutoa onyo. Transmita isiwashwe kamwe bila antena, kwa kuwa nguvu iliyokosa njia ya kutokea hurudi ndani na yaweza kuiunguza. Hali kadhalika isiachwe ikiwaka muda mrefu mezani, kwani hewa inayoipoza hupatikana ndege inaporuka.

Sasa unabaki mkondo. Sajini anasoma namba: transmita inarusha kwa megahezi 5,740, na kipokezi kimewekwa 5,760. Mkosaji ndiye huyo! Ndege ilipokuwa karibu, wimbi lake lilikuwa na nguvu hata likamwagikia mkondo wa jirani, na picha ikaonekana nzuri. Ilipokwenda mbali, kilichomwagika hakikutosha. Hitilafu hii huwahadaa wengi, kwa sababu jaribio la uwanjani hulipita kwa ushindi, nayo hujidhihirisha siku ya kazi. Kidole kimoja kwenye kitufe kinaimaliza. Ndege inaruka tena, na mita 200 zinapita bila chenga hata moja.

Je, konstebo angesikilizwa tangu mwanzo, ingekuwaje? Kanuni ya mawimbi ni kwamba umbali ukizidishwa mara mbili, nguvu inayofika hubaki robo. Kutoka miliwati 25 hadi umbali maradufu zahitajika miliwati 100. Na kwa umbali maradufu tena, miliwati 400. Picha ingerudi kwa kitambo, kosa lingebaki palepale, joto lingeongezeka, na majirani wanaotumia masafa hayo wangesumbuliwa. Kuongeza nguvu juu ya kosa ni sawa na kumpigia kelele mtu uliyekosea nyumba yake.

Zipo hila nyingine mbili za antena. Zipo zinazozungusha wimbi kuume na zinazolizungusha kushoto. Ya ndege na ya kipokezi zisipolingana, sehemu kubwa ya nguvu hupotea. Tena antena iliyosimama wima hurusha kwa pande zake, wala si kwa ncha yake. Kwa hiyo ndege ikiwa juu ya utosi wa rubani, picha yaweza kufifia ingawa iko karibu.

Mwisho, tusisahau sheria. Nchini Uganda ndege hizi hazirushwi kwa kujipendea. Sharti pawe na kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga na idhini ya wahusika wa usalama. Penye mpaka kama wa Mpondwe sharti hilo lina uzito zaidi, kwa kuwa chombo kisichojulikana angani huweza kudhaniwa ni cha adui.

Wahenga walinena kwamba mwenda pole hajikwai. Basi askari aliyekabidhiwa chombo hiki na akisome kabla ya siku ya dhiki: alinganishe mikondo, akaze antena, apime betri, na akijaribu kwa mbali, si uwanjani tu. Mtu anayengoja juu ya paa huku maji yakipanda hana nafasi ya kungoja fundi ajifunze.